Sura ya Tisa: Hazisomani

Saa tatu na nusu asubuhi simu ya mezani ililia, na Inspekta akaiacha ilie mara tatu kabla ya kuinyanyua. Ilikuwa wodi ya wagonjwa mahututi. Mshonaji bado hajafumbua macho. Muuguzi alisema hivyo tu, akakata.

"Vipi?" aliuliza konstebo wa meza ya pili.

"Bado."

Konstebo akarudi kwenye karatasi zake. Kituo kizima kilimwita Sanifu, kwa sababu alikuwa na mwandiko wa kupiga chapa na Kiswahili cha kusahihisha wenzake. Mlinzi akisema mageti yamefungwa, Sanifu alimuuliza mageti ndiyo nini. Maelezo ya watuhumiwa aliandika yeye, na mkuu wa kituo aliyapenda kwa sababu hayakuwa na kufutwafutwa.

Jalada lililokuwa mbele ya Inspekta lilikuwa jembamba na safi. Jumanne, katika hospitali kuu, daktari alimfungua kichwa mwanamke mmoja, mshonaji wa sare za shule, ili amtoe uvimbe. Daktari aliongozwa na kompyuta ya chumba cha picha: mashine iliyochukua mamia ya picha za kichwa cha mgonjwa ikaziunganisha ziwe kichwa kimoja, kikizunguka kwenye skrini, mishipa yote ikionekana. Katikati ya kazi picha ikaganda. Ikasogea, ikaganda tena. Skrini ikawa nyuma ya kisu kwa sekunde tatu. Katika sekunde tatu hizo mshipa uliguswa.

Mashine ilikuwa imeundwa na fundi mmoja kijana, na ndani yake kadi mbili zilitakiwa kusaidiana kuchora picha hizo. Ijumaa aliijaribu mbele ya daktari, ikazungusha kichwa kama pia. Jumatatu, kwa mujibu wa kitabu cha mlangoni, alirudi chumbani humo akakaa dakika kumi. Jumanne likatokea la kutokea, na jioni hiyo hiyo akakamatwa. Leo ilikuwa Alhamisi. Saa nane mchana gari lingempeleka mahakamani, na kutoka hapo gereza la mahabusu, ambako kesi za namna hii hukaa miezi bila kuitwa.

Inspekta alisoma tena mistari miwili ya maelezo ya fundi. *Kadi zote mbili za picha nilizifunga mwenyewe. Kadi hazisomeki kwa sababu bodi haina leseni.*

"Amekiri mwenyewe," alisema Sanifu bila kuinua kichwa. "Kadi mbovu, bodi ya magendo."

"Nisomee ripoti ya maabara. Kwa sauti."

Sanifu akaitafuta, akakohoa. "Kadi ya kwanza, ikijaribiwa peke yake, inafanya kazi bila hitilafu. Kadi ya pili, ikijaribiwa peke yake, inafanya kazi bila hitilafu."

"Kwa hiyo zinasomeka."

Sanifu akairudia ripoti kwa macho.

"Chukua daftari," alisema Inspekta. "Twende chini."

Fundi alikuwa ameketi kwenye kona ya selo, viatu havina kamba. Alipowaona akasimama wima.

"Shikamoo, Inspekta. Shikamoo, afande."

"Huyu anamwamkia hata anayemfungia mlango," Sanifu alinong'ona.

"Marahaba. Kaa," alisema Inspekta. "Kadi zako zina shida gani?"

"Hazina shida. Hazisomani."

Kalamu ya Sanifu ikasimama.

"Rudia neno hilo."

"Hazisomani. Hii haisomi ile, ile haisomi hii. Kila moja ni nzima, lakini kwa kuwa haziongei, mzigo wote unabebwa na moja, na moja haitoshi kuzungusha kichwa cha mtu. Si nilimwambia afande?"

Inspekta akamgeukia Sanifu. Shingo ya konstebo ilikuwa imeanza kuiva.

"Alisema hivyo, ndiyo. Lakini, Inspekta, kadi haisomi. Kadi inasomwa. Kitu kisicho na macho kitasomanaje na mwenzake? Nikaweka neno sahihi."

"Ukaweka neno lako."

"Ni herufi mbili tu."

"Nazihesabu, afande. Endelea, fundi. Leseni ya nini?"

"Ya bodi kuu. Ile sahani kubwa ambayo kila kitu kinachomekwa juu yake. Bodi niliyoifunga mimi ilikuwa na leseni ya kuunganisha kadi mbili. Jumanne waliponiita, nilitazama kwenye skrini, mashine inasema bodi haina. Nikataka kufungua kasha nione, wakanishika."

"Mbona hili halimo?"

"Alisema bodi ina leseni, halafu akasema bodi haina leseni," alijibu Sanifu kwa sauti ya chini. "Nikaona anajichanganya. Nikaacha ile iliyoeleweka."

Inspekta akamrudia fundi. "Jumatatu ulifuata nini chumbani?"

"Bisibisi. Ya mpini mwekundu, ya marehemu baba. Niliisahau juu ya kabati."

"Dakika kumi kwa bisibisi?"

"Mbili za bisibisi. Nane za sista wa picha, alitaka nimtengenezee simu." Akatabasamu kidogo, tabasamu likafa. "Inspekta, muulizeni mjomba. Nilimwonyesha ile bodi kabla sijaifunga. Yeye atawaambia. Amekuja kuniulizia?"

Mjomba wake, mdogo wa mama yake, alikuwa mkuu wa kitengo cha kompyuta hospitalini hapo. Ndiye aliyemlea baada ya baba kufa, ndiye aliyemshikisha bisibisi ya kwanza. Maelezo yake yalikuwa ukurasa wa nne wa jalada, yenye sahihi nzuri: *Kila kipande alichagua yeye. Ni damu yangu, lakini siwezi kuficha uzembe.*

"Hajafika," alisema Inspekta.

Saa nne na nusu walikuwa kwenye duka la vipuri mtaa wa nyuma ya posta, chumba chembamba chenye rafu mpaka darini. Mwenye duka, mwanamke wa miaka thelathini hivi, alikuwa anakwangua kutu kwenye tundu la kebo kwa mswaki. Wateja walimwita Dada wa Vipuri, naye aliitika hivyo hivyo.

"Polisi mnanunua au mnauliza? Wanaonunua wanakaa kiti kile, wanaouliza wanasimama."

"Tunasimama," alisema Inspekta. "Nieleze leseni ya bodi. Kama unamweleza mtoto."

"Mtoto anaelewa haraka." Lakini aliweka mswaki chini. Akashusha maboksi mawili, akatoa bodi mbili, akazilaza juu ya kaunta. Zilifanana kama viatu vya jozi moja. "Tofauti iko wapi?"

Sanifu aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa. "Hakuna."

"Ndivyo wanavyosema wote. Kiwanda kile kile. Chipseti ile ile, yaani hizi chipu zinazopanga nani apite njia gani ndani ya bodi. Matundu mawili ya kadi, umbali ule ule. Sasa angalia namba." Akaweka kucha karibu na kona. Namba ya bodi ya kwanza iliishia na herufi L. Ya pili haikuwa na herufi. "Kampuni inayotengeneza kadi hizi ina maringo. Inasema, mkitaka kadi zangu mbili zifanye kazi pamoja juu ya chipseti isiyo yangu, sharti kiwanda cha bodi kichukue kibali. Kilichochukua kibali kinaandikiwa maneno ya siri ndani ya bodi. Kadi zikiwashwa, zinayatafuta. Zikiyakuta, zinashikana mikono. Zisipoyakuta, kila moja inakaa chumba chake kama wake wenza walionuniana."

"Na bodi yenyewe inaweza?"

"Inaweza sana. Ndiyo maana nasema maringo. Nguvu ipo, ruhusa haipo."

"Mtu mwenye bodi isiyo na ruhusa anafanya nini?"

"Ananunua kadi za kampuni pinzani. Zile hazidai kitu kwa bodi hii, unachomeka mbili zinaelewana. Watu wanadhani wanachagua kadi. Nani kawaambia? Bodi ndiyo inayokuchagulia."

Inspekta alisogeza bodi isiyo na herufi karibu yake. "Kwa hiyo fundi anayejua kazi akawa na hii, na juu yake akafunga kadi mbili za kampuni yenye maringo..."

"Hayupo. Fundi wa hivyo angekuwa ameacha ufundi anauza sabuni." Dada wa Vipuri akarudisha bodi moja kwenye boksi lake. "Mnamsema yule kijana wa hospitali, eh? Alisimama hapo mlipo wiki tatu zilizopita. Nilimpa bodi isiyo na L, akaigeuza, akanirudishia. Akasema, dada, hii itanifunga. Nikamcheka."

"Kubadilisha bodi ni kazi ya muda gani?"

"Unang'oa kila kitu, unahamisha na prosesa, ule ubongo wa mashine, unaipaka gundi mpya ya kupitisha joto, unarudisha. Mwenye mkono mwepesi, saa mbili."

"Dakika kumi haiwezekani?"

"Dakika kumi unatafuta skrubu iliyodondoka."

Chumba cha picha kilikuwa mwisho wa korido ndefu ya hospitali. Mlangoni palibandikwa tangazo, herufi kubwa nyekundu: NI MARUFUKU KUINGIA NA KINYWAJI CHOCHOTE. Chini yake, sahihi ya mkuu wa kitengo cha kompyuta. Sahihi ile nzuri.

Saa tano na nusu. Sista wa picha aliwafungulia, mwanamke mnene mwenye nywele ndefu zilizofungwa kisogoni, akasimama pembeni akichezeachezea funguo.

"Funguo ziko ngapi?"

"Mbili. Wangu na wa mkuu wa kompyuta. Wengine wote wanaandika kitabuni nawafungulia mimi."

Inspekta alivaa glovu, akalaza kasha la kompyuta ubavu, akafungua skrubu na kuondoa kifuniko. Sanifu alishika tochi. Matundu mawili ya kadi yalikuwa matupu, maabara ilikwisha kuzichukua. Inspekta akafuata maandishi ya bodi kwa ncha ya kalamu mpaka kwenye namba. Akaisoma mara mbili.

"Andika," alisema. "Namba haina herufi mwishoni."

Sanifu akaandika. Mkono wake haukuwa na kasi ya jana.

"Sista, Ijumaa fundi alipaka gundi ya rangi gani hapa, unakumbuka?"

"Ya kijivu. Ilimdondoka mezani, nilimgombeza. Doa lile pale."

Kwenye ukingo wa prosesa gundi iliyofurika ilikuwa nyeupe kama dawa ya meno.

"Kuna kitu kinatembea," alisema Sanifu.

Kwenye sakafu ya kasha, katika pembe ya nyuma, sisimizi wembamba walikuwa kwenye msafara. Waliingia kwa tundu la skrubu, wakazunguka doa la kahawia lisilozidi ukucha, wakatoka kwa tundu hilo hilo. Inspekta aligusa doa kwa pamba, akainusa, akaifunga kwenye mfuko.

"Sukari," alisema.

Sanifu alikuwa ameshaanza kufungua droo. Katika droo ya tatu, chini ya makasha ya glovu, akatoa draya ya nywele ya rangi ya waridi. Akaiinua juu kama aliyekamata nyoka.

"Hii ni ya nani?"

"Yangu," alisema sista.

"Ufunguo wako. Draya yako. Mtu amemwaga chai kwenye mashine, akaikausha, akabadilisha bodi, na wewe ndiye..." Sanifu aliangalia nywele za sista, kisha draya. "Jumamosi na Jumapili ulikuwa wapi?"

"Kwangu. Nyumba za wauguzi hapo nyuma, nafua."

"Nani anathibitisha?"

"Afande, tulia," alisema Inspekta. "Sista, draya ya nyumbani imefikaje kwenye droo ya kazini?"

Swali hilo likamfanya sista anyooke. "Niliiazimisha Jumapili, baada ya chakula cha mchana. Nikaikuta humu Jumatatu. Hata asante sikupewa."

"Ulimwazimisha nani?"

"Mkuu wa kompyuta. Alinigongea, jasho linamtoka, ananiambia sista naomba draya yako mara moja. Nikamcheka mpaka nikashika mlango. Nikamwambia, bosi, unakausha nini, kipara?"

Hakuna aliyecheka. Sanifu akaishusha draya taratibu mpaka juu ya meza.

"Na yeye akajibu nini?" aliuliza Inspekta.

"Hakujibu. Ndiyo nikashangaa. Yule anapenda utani wa kipara chake, huwa anauanzisha mwenyewe."

Saa saba kasoro dakika kumi. Ofisi ya mkuu wa kompyuta ilikuwa ghorofa ya juu, ina kabati moja la chuma na picha ya vijana aliowafundisha. Katika safu ya mbele fundi alikuwa ameshika bisibisi ya mpini mwekundu. Mwenyewe aliinuka kuwapokea, mtu mzima, shati limepigwa pasi, kichwa kinang'aa.

"Karibu, mama Inspekta. Karibu, afande. Kuna habari za mgonjwa?"

"Bado hajafumbua macho."

"Na kijana?"

"Saa nane anapelekwa mahakamani."

Akakaa. Akapanga kalamu mbili sambamba.

"Nahitaji kujua kitu kimoja," alisema Inspekta. "Bodi iliyofungwa Ijumaa iko wapi?"

"Si imo ndani ya mashine?"

"Iliyomo haina herufi L."

"Mama, bodi ni bodi. Namba ile ile, kiwanda kile kile, chipseti ile ile. Herufi ni mambo ya wauzaji. Mimi mwenyewe nililinganisha namba zote kabla ya..."

Kalamu moja ikabiringika mpaka ukingoni mwa meza. Hakuna aliyeiokota.

"Kabla ya nini?"

Inspekta akaweka draya ya waridi juu ya meza, kisha mfuko wenye pamba ya kahawia. Kisha akaelekeza kidole kwenye kabati la chuma.

"Naweza kuomba kibali cha kulipekua. Kitachukua saa mbili. Gari la mpwa wako linaondoka baada ya saa moja."

Mkuu wa kompyuta alitazama saa ya ukutani. Alitoa ufunguo mfukoni, akalifungua kabati, akashusha taulo lililokunjwa na kulifungua juu ya meza kama anayemvua mtoto nguo. Bodi ilikuwa na utando wa kahawia katikati. Herufi L ilionekana wazi.

"Kikombe kimoja," alisema. "Jumapili. Nilikuwa naongeza programu ya kuhifadhi picha. Nikaweka kikombe juu ya kasha. Mimi niliyeandika lile tangazo."

"Ukaikausha."

"Ikawaka dakika mbili ikazima. Stoo kulikuwa na bodi kama hii ya akiba. Nikaifunga. Ikawaka. Kadi zote mbili zikatokea kwenye orodha, mama, nawaapia, zote mbili zilikuwepo. Nikasema kazi imekwisha."

"Hukujaribu kuzungusha kichwa."

"Kadi zilikuwepo kwenye orodha."

"Ilipoganda Jumanne?"

"Nilisema ni kadi zake. Nilidhani kweli ni kadi zake."

"Mpaka lini?"

Alipitisha kiganja juu ya kipara, mbele mpaka kisogoni. "Mpaka walipomshika mikono. Alinitazama akaniambia, mjomba, bodi haina leseni. Ndipo nikakumbuka. Siku alipoleta orodha ya vipuri alinieleza habari za leseni nusu saa nzima. Nikamkatiza. Nikamwambia, mwanangu, leseni ni ya gari."

"Na alipokuambia Jumanne ulimjibu nini?"

"Nilimwambia afuatane na askari."

Sanifu alikuwa anaandika. Aliandika polepole, na mara moja aliinua kichwa akauliza, "Umesema afuatane, au afuate?" Alijibiwa, akaandika kama alivyojibiwa.

Walifika kituoni saa nane kasoro robo. Gari la mahakama lilikuwa uani, injini inanguruma, mlango wa nyuma wazi. Inspekta alishuka kabla gari lao halijasimama, akaingia ndani kwa hatua ndefu. Sanifu alifuata na jalada kwapani, mkono wa pili kwenye kiwiko cha mkuu wa kompyuta.

Koridoni fundi alikuwa ameshatolewa selo. Pingu mikononi, kamba za viatu ndani ya mfuko wa nailoni. Askari wa zamu alikuwa anamtafutia mahali pa kuweka sahihi.

"Huyu haendi," alisema Inspekta. "Mfungue."

"Nina amri ya—"

"Mkuu wa kituo nitaongea naye mimi. Mfungue."

Fundi hakusikia lolote kati ya hayo. Alikuwa amemwona aliyeingia nyuma ya Inspekta. Uso wote ukamfunguka. Kwenye benchi palikuwa na nafasi ya mtu mmoja, akajisogeza ukutani, akaifuta nafasi hiyo kwa mikono yake miwili iliyofungwa pamoja.

"Shikamoo, mjomba," alisema. "Nilijua utakuja. Umewaambia habari ya ile bodi?"

Mjomba alisimama palepale alipoachwa. Midomo yake ilisogea mara moja.

Simu ya mezani ilianza kulia ofisini. Inspekta alitazama mlango, hakwenda. Sanifu alifungua ukurasa mpya, akaandika tarehe na saa.

"Niandike nini, Inspekta?"

"Atakachosema."

"Hajasema kitu."

"Basi subiri."

Sanifu akaweka ncha ya kalamu kwenye mstari wa kwanza. Kijana alikuwa bado anamtazama mjomba wake kutoka kwenye benchi, na simu ilikuwa bado inalia, na wote koridoni walikuwa wanangoja neno moja, lile ambalo hata mtoto wa jirani akiamkia hupewa bure.